Njiti wa Chengdu

Mama yangu, kule Muheza, hakuelewa tangu mwanzo. "Unakwenda kumwona nani aliyejifungua?" aliuliza kwenye simu. Nikamjibu, "Panda, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nipande wapi?" Sikumlaumu. Neno lenyewe lina kazi nyingi mno: tunapanda mti, tunapanda mahindi, tunapanda basi, na kwa watoto wa mtaani kwetu panda ni kile kijiti chenye matawi mawili cha kutengenezea manati. Nikamwambia Wachina wanamwita xiongmao, yaani dubu-paka. Hapo alicheka. "Haya, nenda ukamwone huyo dubu-paka, na umpe hongera ya uzazi kutoka kwangu."

Kabla ya kuja Xi'an, China, kusoma nilikuwa muuguzi wa wadi ya watoto njiti kwa miaka sita. Wenzangu chuoni walipozungumzia Chengdu, mji mkuu wa jimbo la Sichuan, walitaja pilipili, chai na maduka. Mimi niliwahi kusikia kwamba mtoto wa panda huzaliwa na gramu 100 hivi, na tangu siku hiyo sikutulia. Gramu 100! Njiti mdogo kuliko wote niliowahi kumpokea alikuwa na gramu 850, na usiku ule hatukulala wadi nzima.

Mwenzangu wa safari alikuwa kijana Mrundi anayesoma uhandisi, Kiswahili chake cha Bujumbura kimechanganyika na Kifaransa, na ananiita "dada" hata anaponigombeza. Yeye alitaka kuona reli. Alinieleza bila kuulizwa kwamba njia hii ya mwendokasi ilifunguliwa Desemba 2017, na kwamba zamani watu walikesha kwenye treni wakiizunguka milima ya Qinling. Siku hizi treni haizunguki, inaitoboa. Tuliondoka Ijumaa alasiri, tukaingia handaki, tukatoka, tukaingia jingine. Baina ya handaki na handaki unapata dakika mbili tatu za bonde la kijani, mto wenye mawe meupe, kibanda kimoja, halafu giza tena. Kwenye kituo cha Foping Mrundi alinigusa bega. "Dada, hapa ndipo wanapoishi wale wa porini." Nikakaza macho mpaka yakauma. Niliona ukungu na mianzi. Saa nne kasoro baada ya kuondoka, tulikuwa Chengdu.

Usiku wa Chengdu nitaupita haraka. Tulikula tofu ya pilipili, na ile pilipili yao ndogo ya punje haiwashi tu, inatia ganzi, kama vile daktari wa meno kakuchoma sindano ukasahau kung'olewa. Tukalala mapema.

Alfajiri tulipanda metro laini ya tatu hadi kituo kiitwacho Xiongmao Dadao, Barabara ya Panda. Kila kitu hapo kina masikio mawili meusi: mabango, mabasi, chupa za maji, kofia za akina mama watu wazima. Kituo cha Utafiti na Uzalishaji wa Panda kilianzishwa 1987, kwa panda sita waliookolewa porini wakiwa dhaifu. Miaka ile mianzi ilikuwa imechanua maua sehemu kubwa ya milima ya Sichuan, na mwanzi ukishachanua hufa, mlima mzima kwa mpigo. Mnyama ambaye karibu chakula chake chote ni mwanzi hana pa kukimbilia. Kutoka kwa wale sita, leo wapo zaidi ya 200, na hawakuongeza kwa kukamata wengine porini.

Geti linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, na tiketi, yuan 55, unainunua mtandaoni kwa namba ya pasipoti. Nilikosea tarakimu moja. Mashine ikanikatalia, foleni nyuma yangu ikaanza kuguna, na Mrundi, ambaye yake ilikuwa imepita, akanitazama kutoka upande wa pili kwa huruma ya mtu aliyefika peponi. Dada mmoja mwenye redio ya mkononi alinivuta pembeni, akalinganisha pasipoti na simu, akacheka, akanipitisha. Nusu saa ilikuwa imekwenda, na kwa panda nusu saa ya asubuhi ni mali. Kiangazi joto likipita nyuzi 26 hivi, huingizwa ndani kwenye kiyoyozi na hapo unachokiona ni mgongo tu.

Sisi hata hivyo hatukuwafuata wakubwa. Tuliwapita wakiwa wamekaa kitako kama wazee barazani, kila mmoja na rundo lake la mianzi, wakimenya ganda kwa meno na kulitupa pembeni. Tukaenda moja kwa moja kwenye nyumba za kujifungulia. Moja inaitwa ya Jua, nyingine ya Mwezi. Mwezi wa Agosti ndio msimu wenyewe.

Foleni ilikuwa ndefu na mlinzi alituomba tusipige kelele wala kugonga kioo. Watu mia kadhaa wananong'ona; sauti yake ni kama mvua ndogo kwenye bati. Kisha tukafika mbele.

Inkubeta. Ile ile. Kuta za plastiki angavu, matundu mawili ya kupitishia mikono, namba za nyuzijoto zikiwaka pembeni. Moyo wangu ulirudi wadini mara moja, mpaka vidole vikaanza kutafuta glovu. Ndani, juu ya kitambaa, kulikuwa na kiumbe cha waridi, chenye vinyweleo vyeupe vichache mgongoni, macho yamefumba kabisa, mkia mrefu kuliko unavyotarajia. Hakuna weusi popote. Hayo madoa huanza kujitokeza ngozini baada ya wiki hivi, na macho hayafumbuki mpaka wiki ya sita au ya nane. Hakina uwezo wa kujitunzia joto. Ila sauti inacho. Kioo ni kinene na bado tuliisikia, kali, ya kukatika katika, kubwa mara kumi kuliko mwenyewe.

Nilimtumia mama ujumbe wa sauti pale pale, kwa mnong'ono: "Mama, chukua gunia la mahindi la kilo mia. Huyo ndiye mzazi. Sasa chukua andazi moja la shibe. Huyo ndiye mtoto."

Hesabu yenyewe ni karibu 1 kwa 900. Mwanamke wa kilo 63 angejifungua mtoto wa gramu 70. Mwaka 2019 alizaliwa mmoja hapa Chengdu akiwa na gramu 42.8, na akaishi. Nilisimama nikifikiria sindano ipi ungetumia, mrija upi.

Kisha mfanyakazi mwenye barakoa akaingiza mikono. Alikigeuza kile kitoto chali kiganjani, akachukua pamba iliyolowa, akaanza kukisugua tumbo la chini, taratibu, kuelekea mkiani. Watoto waliokuwa mbele wakauliza wazazi wao anafanya nini. Anamsaidia kukojoa. Kitoto cha panda hakiwezi chenyewe. Mama yake humlamba sehemu hiyo mpaka haja itoke. Kwa hiyo ile pamba ni ulimi. Waliwapoteza watoto wengi sana katika miaka ya mwanzo kabla ya kuyajua mambo kama haya, na waliyajua kwa kukaa na kumtazama mzazi usiku na mchana.

Chumba cha pili ndicho nilichokijia bila kujua. Panda jike alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, kichwa kimelala kifuani. Dakika nzima tulidhani yuko peke yake. Kisha akafumbua kiganja kidogo tu, na hapo kwapani, katikati ya manyoya meusi, ikaonekana rangi ya waridi. Akainusa. Akaifunika tena. Siku za kwanza baada ya kuzaa panda hali, hanywi, hatoki. Anakaa hivyo hivyo na mtoto mkononi, kwa sababu akimweka chini kwenye sakafu baridi amempoteza.

Kangaruu, nikasema kwa sauti. Mrundi akashtuka. "Kangaruu wa Australia, dada?" Nikamweleza kwa kunong'ona kwamba ndivyo tunavyoita wadini pale mama anapomfunga njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, na kanga juu yake. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa, inkubeta zikiwa hazitoshi. Mwaka huo huo 1978, Beijing, alizaliwa panda wa kwanza duniani kwa uhimilishaji, ule ule wafanyao mabwana mifugo kwa ng'ombe wa maziwa kwetu Tanga. Beijing hiyo hiyo ndiyo iliyopata mtoto wa kwanza wa panda kuzaliwa kizuizini, Septemba 1963. Uhimilishaji ulihitajika kwa sababu jike ana siku moja hadi tatu tu za rutuba kwa mwaka mzima, na madume wengi waliolelewa na watu walikuwa hawajui la kufanya siku hizo zikifika. Hata mbegu ikishaingia, hakuna uhakika: yai huweza kuelea miezi kadhaa kabla ya kujishikiza, na jike anaweza kupoteza hamu ya kula, kulala mchana kutwa, kujiandaa kwa uzazi, na mwisho wake hakuna kitu. Mimba hewa.

Jambo lililonifunga mdomo ni la mapacha. Karibu nusu ya uzazi wa panda kizuizini ni mapacha. Mama ana mikono miwili lakini hulea mmoja. Porini, wa pili huachwa afe. Wala si ukatili, maziwa na nguvu za kula majani tu hazitoshi kwa wawili. Sasa hapa wanafanya hivi: mfanyakazi humwekea mama bakuli la maji ya asali. Anapoinama kulamba, mkono unaingia taratibu, unamtoa aliyepo, na pacha aliyekuwa kwenye inkubeta anawekwa mahali pake. Baada ya saa kadhaa, asali tena, mkono tena. Wote wawili wanapata dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, wote wawili wanapata kifua. Mama anaendelea kulea mmoja, ambaye ni wawili.

Nilimkumbuka binti mmoja wa wadini kwetu, miaka kumi na tisa, mapacha wa miezi saba. Mmoja kifuani kwake, na wa pili kifuani kwa bibi, mama wa mama yake, mwanamke mnene mwenye kucheka ovyo, aliyekuja na kanga mbili na chupa ya uji. Kila baada ya kunyonyesha walibadilishana. Usiku bibi alikuwa anamwimbia wa kwake na binti amesinzia. Wote wawili wanasoma sasa. Panda hana bibi. Anaishi peke yake mlimani, dume akishamaliza hakumbuki, mama yake aliagana naye zamani. Yule mtu mwenye barakoa na bakuli la asali ndiye bibi.

Mlinzi alituambia tusogee, wengine nao waone. Nilisogea, nikazunguka, nikapanga foleni upya. Nilifanya hivyo mara tatu. Mrundi alinisubiri nje amevaa kichwani utepe wenye masikio ya panda, zawadi kwa mpwa wake, alidai.

Maduka ya kutokea sitayasifu. Ukipita rafu kumi za panda wa manyoya unaanza kuona jinsi ulivyoletwa hapo, na kwamba mnyama huyu amejilipia kodi ya nyumba kuliko mpangaji yeyote duniani.

Jumapili tulirudi kwa njia ile ile. Foping ilikuwa na mvua. Mrundi aliuliza swali ambalo nami nilikuwa nalo: wale wa kwenye kioo wanarudi lini huku? Nikamwambia niliyoyasoma. Hesabu ya China ya porini iliyotoka 2015 ilikuta panda 1,864, na mwaka uliofuata wakatolewa kwenye kundi la walio hatarini kutoweka, wakawekwa daraja moja nafuu. Lakini wa kwanza kuzaliwa kizuizini na kuachiwa porini, dume aitwaye Xiang Xiang, aliachiwa Aprili 2006, na Februari iliyofuata alikutwa amekufa. Baadaye wakabadilisha utaratibu: watoto wanalelewa na mama zao ndani ya uzio wa msituni, na wafanyakazi wanawaingilia wakiwa wamevaa mavazi ya panda, ili mtoto asimzoee binadamu. Waliorudi salama bado ni wachache.

"Kwa hiyo pale bibi anatakiwa asionekane," alisema Mrundi, na akalala na masikio yake kichwani.

Tulikuwa handakini simu ilipokosa mtandao, na tulipotoka ujumbe wa mama ukaingia. Sauti yake, kuku nyuma yake. "Mwanangu, nimemsimulia jirani, ananiambia namdanganya. Hebu niambie, huyo mtoto wamempa jina gani?"

Nikamwandikia kwamba bado, kawaida yao husubiri mpaka afikishe siku mia.

Handaki. Giza. Bonde, mto, mawe meupe. Simu ikatetemeka tena.

"Siku mia zote hizo! Waambie wamwite Andazi."