Siku ambazo vyombo havikutoka

Kitabu cha Julai nimekifungua barazani kwetu, Langoni, mjini Lamu. Kurasa zimeshikana kwa unyevu wa chumvi, na pembeni pana alama ya kidole chenye mafuta ya samaki. Ni daftari la mistari la kawaida. Humo karani wa gatini huandika kila chombo kinachorudi: mashua, watu wanne, mshipi, kilo 31, changu. Mtumbwi, mtu mmoja, malema (mitego ya samaki), kilo 6, tafi. Halafu zinafuata tarehe tatu ambazo mbele yake pako peupe. Tarehe ipo, maneno hakuna.

Ninavyo vitabu 14 vya namna hii. Wazee wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia ufuo, walinikabidhi mwaka jana pamoja na swali moja: chombo kikitoka siku hizi kinarudi na kidogo kuliko miaka sita iliyopita, au ni macho yetu tu? Swali hilo halijibiwi kwa kujumlisha kilo na kugawanya. Wavu wa jarife si mshipi, upepo wa kusi si wa kaskazi, na wapo manahodha ambao samaki huwafuata popote waendapo. Ukichanganya vyote ukapiga wastani, utapata nambari, ila nambari hiyo haitakuwa ya mtu yeyote.

Laptopu yangu ina kumbukumbu ya GB 4 na nimeiwekea Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Kazi yote ya hesabu naifanya kwa R, lugha ya kompyuta ya takwimu. Lugha hii ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wakiwa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na mwaka 1995 wakaitoa kwa leseni ya GPL, ile inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuifungua ndani, kuibadilisha na kumpa mwenziwe. Miaka minne kabla, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alikuwa ameitangaza Linux, nayo baadaye ikachukua leseni hiyo hiyo. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyonifungulia mlango. Programu nyingi za takwimu za kulipia hudai leseni ya kila mwaka, na hapa kisiwani hakuna ofisi ambayo ingenilipia. Zana ninayoitumia mimi barazani ndiyo ile ile anayoitumia profesa aliye Vienna. Hakuna toleo la wanyonge.

Lakini zana kuwa bure hakuifanyi laptopu kuwa kubwa. R huweka data na hesabu zake kwenye kumbukumbu ya mashine, na modeli niliyotaka, yaani hesabu inayotenganisha chombo cha kuvulia, upepo na nahodha, ilikuwa nzito. Niliiandika kwa paketi (nyongeza ya R) iitwayo brms, ambayo huigeuza modeli kuwa programu ya lugha ya C++ kupitia Stan, programu nyingine ya takwimu, kabla ya kuanza kuhesabu. Laptopu ilifika hapo kwenye kutengeneza ile programu, feni ikalia, kisha kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, likatokea neno moja: Killed. Linux ikiishiwa kumbukumbu huchagua kazi inayokula zaidi na kuiua, ili mashine nzima isigande. Nilijaribu mara tatu, na mara tatu ikauawa.

Ndipo nikakodi mashine ya wingu. Watu hulisikia neno wingu wakadhani ni kitu cha angani, kumbe ni kompyuta ya mtu mwingine iliyo ndani ya jengo lenye stima ya uhakika, unaikodi kwa saa. Niliyoichukua mimi iko Frankfurt, ina prosesa nne na GB 16, na kwa saa inatoza senti chache za dola. Nilichagua Ubuntu huko pia, kwa hiyo kila amri niliyoizoea hapa ilifanya kazi kule vile vile.

Nitawaambia mambo mawili yatakayowaokoa muda. Kwanza, paketi za R kwenye Linux kwa kawaida huja zikiwa chanzo tu, yaani maandishi ambayo bado hayajageuzwa kuwa programu, na `install.packages()` huanza kuzitengeneza moja moja. Paketi nyingi zimo tayari kwenye hazina ya Ubuntu, majina yake yanaanza na `r-cran-`, na `apt install` huziweka kwa dakika chache. Pili, soma masharti ya bei. Wauzaji wengine huendelea kutoza hata ukiizima mashine, mpaka uifute kabisa. Hamisha matokeo yako, kisha futa.

Kabla ya kupeleka chochote niliyaondoa majina ya wavuvi nikaweka namba. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahusu hata daftari la gatini likishaingizwa kwenye kompyuta, na hata kama isingekuwapo, kilo za mtu ni riziki yake. Faili lote lilikuwa chini ya MB 2. Bando halikuhisi kitu, maana kinachosafiri baina ya Lamu na Frankfurt kwa ssh, njia ya kuiamuru kompyuta ya mbali, ni herufi tu. Mzigo unabebwa kule.

Usiku ule niliingia kwenye seva, ile mashine ya kukodi, nikaandika `tmux`, programu inayoiacha kazi iendelee kule hata ukiondoka, nikaanzisha R, nikaiamuru modeli iende kwa minyororo minne, yaani hesabu ile ile mara nne kwa pamoja, kila mmoja na prosesa yake. Mistari ikaanza kushuka polepole: asilimia 10, asilimia 20. Saa nne kasoro stima ikakatika mtaa mzima. Muadhini alikuwa keshamaliza kitambo, pakabaki sauti ya punda tu na jenereta moja ya mbali. Betri ya laptopu yangu haikai nusu saa. Zamani hapo ndipo kazi ingekufa. Nilibonyeza Ctrl na b, kisha d, nikatoka kwenye tmux nikaiacha ikiendelea, nikafunga laptopu nikaenda kulala. Asubuhi stima iliporudi niliandika `tmux attach`, na minyororo yote minne ilikuwa imefika mia kwa mia. Sijui nilieleze vipi lile tulizo.

Matokeo yalisema samaki wa Julai wameporomoka vibaya, na kila mwaka wanazidi kupungua. Nilichapisha grafu nikampelekea karani, maana sikupenda kuipeleka kwa wazee kabla yeye hajaiona.

"Ndoo tukae kivulini," akaniambia. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba kitabu chenyewe.

"Ami, hizi siku tatu mbona hamna kitu?" nikamuuliza.

"Hatukutoka, mwanangu. Kusi ilikuwa kali, hapana chombo kilichovuka Shela." Akageuza ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari mwingine. "Hapa je? Hapa tulitoka, tukarudi na maji tu. Nikaandika sifuri."

Kumbe nilipokuwa nikiingiza data, kila palipokuwa peupe nilijaza sifuri ili jedwali lionekane limekamilika. R yenyewe isingenifanyia hivyo. Ikikuta pengo kwenye safu ya nambari huandika NA, yaani haijulikani, na NA ukiijumlisha na 5 inabaki NA. Inakataa kukujibu mpaka useme mwenyewe unataka ifanye nini. Mimi niliifunga mdomo kabla haijauliza, na siku za bahari chafu zikahesabiwa kuwa siku za bahari tupu.

Tulikaa na ami asubuhi mbili, kitabu kwa kitabu. Sifuri zake nikaziacha, mapengo nikayarudisha kuwa mapengo, na siku ambazo hakukumbuka nikazitia alama yake peke yake. Modeli nikaigawa sehemu mbili: moja inauliza kama chombo kilichotoka kilipata chochote, ya pili inauliza kilipata kiasi gani. Nikakodi mashine tena, usiku mmoja mwingine, gharama isiyofika bei ya chai na mahamri ya watu wawili. Lile poromoko la Julai likatoweka. Kilichobaki ni mteremko mdogo kwa vyombo vya malema, vya kaskazi na vya kusi vilevile, na hilo ndilo nililowapelekea wazee.

Kazi hii ingeweza kufanyiwa Nairobi, kwa kompyuta kubwa kuliko zote. Aliyeko Nairobi angemuuliza nani kuhusu pale peupe?

Juzi nilipita gatini. Ami alikuwa na daftari jipya, upepo unapiga na mashua zote zimefungwa. Ameandika tarehe, na mbele yake, kwa rula, amepiga mstari hadi mwisho wa ukurasa.