Jicho la pili

Kwenye picha ya Krismasi, iliyopigwa usiku kwa mwanga wa kamera, mpwa wangu alitokea na mboni moja nyekundu na nyingine nyeupe, inang'aa kama ya paka. Tulicheka, nakiri. Zahanati tuliyoanzia ilitupa dawa ya matone na kutuambia turudi baada ya miezi mitatu. Tulipofika Moshi alikuwa na miaka miwili, na jicho la kushoto limeshaanza makengeza.

Daktari hakuzungusha maneno: saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Jicho litolewe. Shemeji akakataa katakata. Kwao Same palikuwa na seremala aliyechomwa na kijiti jicho moja; haikupita miezi mingi, la pili nalo likafa.

"Macho ni pacha, shemeji," aliniambia. "Ukimzika mmoja, mwenzake anamfuata."

Mimi, msomi wa ukoo, nikamwambia aache imani za kizee, kisha nikamgeukia daktari aniunge mkono. Hakuniunga.

"Baba mtoto hajakosea," alisema. "Yule seremala inawezekana kabisa."

Akatueleza kwamba jicho limejitenga na damu, kiasi kwamba kinga ya mwili haijapata kuyazoea yaliyomo ndani, retina ikiwamo. Jicho likipasuka, yale ya ndani yanamwagika, askari wa mwili wanayaona kwa mara ya kwanza, wanayahesabu kuwa adui, kisha wanakwenda kuyawinda hata kwenye jicho zima. Ndiyo maana jicho lililoharibika kabisa kwa jeraha wakati mwingine hutolewa mapema, kabla askari hawajajifunza.

"Hili halijapasuka. Nitalitoa zima, pamoja na kipande kirefu cha mshipa wake wa fahamu. Hata sindano ya kuchukua kipimo silichomi, nisije nikamwaga seli za saratani."

Cha kuchunga upande wa kulia, alisema, ni kitu kingine: kama mtoto amezaliwa na hitilafu ya jeni, uvimbe mpya unaweza kuanza huko wenyewe. Itabidi alazwe usingizi na kuchunguzwa tena na tena.

Shemeji akauliza fomu iko wapi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Nyumbani, bibi yake hakungoja tarehe za kliniki. Kila asubuhi alimwaga punje za mahindi mkekani, akakaa pembeni kimya, akimtazama mtoto anavyoziokota mpaka ya mwisho.