Gari limesimama juu ya mpira, ethi iko wapi?

Jumamosi jioni, Julai. Baridi ya wiki hii imekuwa ile ya Uyole tunayoifahamu, ambayo humfanya mtu anawe uso kwa ncha za vidole, na kwa fundi umeme wa magari huu ndio msimu wa mavuno, kwa kuwa betri iliyokuwa ikijikongoja tangu Machi huzimia kabisa mwezi huu. Leo, hata hivyo, siandiki kuhusu betri. Naandika kuhusu swali nililoulizwa Jumanne na mwanafunzi wangu kutoka Karonga, Malawi, ambalo nilishindwa kulijibu mbele ya darasa baada ya kufundisha kazi hii kwa miaka 17.

Alikuja karakana mzee mmoja wa Kyela na pikapu yake ya dizeli. Kila asubuhi stata ilikuwa ikiguna na kuzungusha injini kwa uvivu, na wakati mwingine haikuzungusha kabisa. Kabla ya kutufikia, mzee huyo alikuwa ameshauriwa kununua betri mpya, akanunua. Kisha akaambiwa stata imekufa kaboni, akanunua na stata ya mtumba. Gari liliendelea kuguna. Kijana wa Karonga alimwamkia kwa heshima kwa lugha ya kwao, mzee akaitikia, akamtazama vizuri na kumuuliza yeye ni wa Kyela sehemu gani. Kijana akajibu kwamba si wa Kyela, ni wa ng'ambo ya Mto Songwe. Kinyakyusa cha huku na Kingonde cha kule husikilizana kiasi kwamba katika dakika tano mzee alikwisha kumweleza historia yote ya gari, pamoja na jambo moja ambalo mimi sikuambiwa: kwamba waya wa eksileta ulikuwa ukipata moto kila anapowasha.

Niliwaambia wanafunzi, kama nilivyowaambia wenzao kwa miaka yote, kwamba tuanze kwa kukagua ethi. Kijana akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Ethi ni ardhi. Lakini gari limesimama juu ya matairi, na matairi ni mpira. Ardhi iko wapi?"

Wengine wakacheka, nami nikacheka kidogo ili nipate muda wa kufikiri. Ukweli ni kwamba nimelitumia neno hilo tangu nikiwa mwanagenzi anayeshika tochi kwenye gereji ya Mwanjelwa, na hakuna aliyewahi kunieleza kwamba ethi ya gari haina uhusiano wowote na udongo. Katika nyumba, waya wa ethi huteremka hadi kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, na kazi yake ni usalama. Katika gari, neno lilelile limepewa kazi nyingine kabisa: ni njia ya mkondo wa umeme kurudi kwenye ncha hasi ya betri, na badala ya kuvuta waya wa kurudi kutoka kila taa na kila mota, watengenezaji hulitumia bodi la chuma kuwa waya mmoja mkubwa wa wote. Nilimjibu hivyo siku ya pili. Siku ile ya kwanza nilisema tu, "Tupime kwanza," jibu ambalo kwa bahati lilikuwa sahihi.

Tulipima. Wakati mmoja wao akizungusha ufunguo, betri yenyewe ilionyesha volti 10.4, kiwango ambacho si kibaya kwa betri ya volti 12 inayobeba mzigo wa stata ya dizeli. Lakini kati ya ncha ya stata na gamba lake zilifika volti 8.3 tu. Volti 2.1 zilikuwa zimepotea njiani. Tukaweka ncha moja ya multimita, kifaa chetu cha kupimia umeme, kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, tukazungusha tena, tukasoma 1.9. Karibu hasara yote ilikuwa upande wa kurudi, mahali ambapo mafundi wengi hawatazami kwa sababu hakuna kifaa cha kuuza huko. Kijana akaingia chini ya gari, akatoka na mkanda wa ethi, ule unaounganisha injini na bodi, ambao kwa macho ulikuwa mzima. Ila chini ya boliti yake palikuwa na kutu iliyopakwa rangi juu.

Hapo swali lake likanirudia na kuwa zito zaidi, kwani injini nayo haijagusa bodi. Imekalishwa juu ya mipira yake ili isitikise gari. Mkanda ule ukishindwa, mkondo wa stata hutafuta upenyo mwingine wowote wa chuma, na katika gari hili ulikuwa ukipita kwenye waya mwembamba wa eksileta, ndiyo maana ulikuwa ukiungua. Mzee alikuwa na jibu la ugonjwa mkononi mwake siku zote, lakini hakuna aliyemuuliza kwa lugha ambayo ingemfanya alitoe.

Nitaeleza hesabu yake, kwa kuwa hata baadhi ya wenzangu wa kazi huibishia. Ukinzani wa ile kutu, yaani kiasi inavyouzuia mkondo, ulikuwa kama sehemu moja ya mia ya omu. Ukiitafuta kwa multimita gari likiwa limezimwa, hutaiona. Nyaya za kifaa chenyewe zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Lakini stata inapovuta ampea 200, sehemu hiyo moja ya mia hula volti 2. Ndiyo sababu nasisitiza kupima wakati mzigo unafanya kazi, na ndiyo sababu ile taa ya testa, ambayo huwaka vizuri kabisa kwa mkondo mdogo, imewadanganya watu wengi wakanunua stata wasizozihitaji.

Katika darasa langu la sasa wako Watanzania, Wamalawi wawili, binti mmoja wa Nakonde, Zambia, na kaka mmoja wa Lubumbashi, Kongo. Tunawaita wanafunzi wa kimataifa, jina ambalo mtu akilisikia hufikiria ndege na uwanja wa Songwe. Kwa kweli wamekuja kwa basi, na wameifuata kazi mahali inapopita, kwani malori ya shaba na ya mafuta yanayokwenda Zambia na Kongo hupita hapa mbele ya macho yetu usiku na mchana, na yale ya Malawi hukata kona Uyole kuelekea Tukuyu na Kasumulu. Mpaka una mantiki yake ambayo wakati mwingine hunichekesha: kaka wa Lubumbashi, aliyesafiri mbali kuliko wote, anatoka nchi ambayo tangu mwaka 2022 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilhali kijana wa Karonga, ambaye bibi yake na bibi yangu wangeweza kusengenya pamoja bila mkalimani, anatoka nchi isiyokuwamo.

Kaka wa Lubumbashi ndiye aliyenisaidia kumaliza deni la swali lile. Anazungumza Kiswahili, lakini cha kwao, na msamiati wake wa gari umetoka katika Kifaransa. Stata kwake ni demareri, na ethi ni masi. Nilipomuuliza masi ni nini alisema ni bonge, ni wingi wa chuma uliokaa pamoja. Nikaona kwamba Wafaransa, angalau katika jambo hili, waliwatendea wanafunzi wao haki kuliko sisi tulioazima kwa Waingereza, kwa maana mtu aliyeambiwa "bonge la chuma" hataangalia matairi. Sasa ubaoni nimechora safu tatu za maneno, na Watanzania wamezinakili kwa bidii kuliko wageni.

Lazima nikiri jambo moja lisilopendeza. Muhula uliopita, tulipowagawa wanafunzi kwenda kujifunza kazini, binti wa Nakonde alipokelewa katika gereji moja ya mjini, ambayo sitaitaja, akapewa ufagio na chupa ya chai. Nilikwenda kulalamika. Msimamizi akaniuliza, bila ukali, kama mimi mwenyewe humruhusu ashike gari la mteja. Nilirudi kimya, kwa sababu katika karakana yangu mwenyewe nilikuwa nimewazoesha wageni kusimama nyuma na kuandika, nikiogopa kwamba wasiponielewa vizuri wataunguza kompyuta ya gari la mtu. Nilikuwa nimeliita jambo hilo uangalifu.

Juma lile lile nilimkabidhi binti huyo gari dogo la Kijapani ambalo taa za onyo zilikuwa zikiwaka kama mapambo ya harusi, na mashine ya kusomea gari ilikuwa ikikataa kuongea na nusu ya vifaa. Kompyuta za gari huzungumza kupitia jozi ya nyaya zilizosokotwa, mfumo wa CAN ambao kampuni ya Bosch iliutambulisha mwaka 1986, na kila mwisho wa jozi hiyo huwa na kizuizi cha omu 120. Vizuizi viwili vilivyopangwa sambamba hutoa omu 60. Alitoa kichwa cha betri, akasubiri, akapima kati ya tundu namba 6 na namba 14 za soketi ya uchunguzi, akapata 120. Hakuniita. Aliandika kwenye daftari kwamba mwisho mmoja umekatika, akafuata nyaya mpaka chini ya zulia la upande wa abiria, ambako maji ya mvua yalikuwa yameila soketi hadi ikawa ya kijani. Nilipofika alikuwa ameshaisafisha na anasubiri ruhusa ya kuunganisha. Ruhusa hiyo ndiyo aliyoikosa muhula mzima.

Kuhusu vyeti nitasema machache. Sisi tunafuata utaratibu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994; Zambia na Malawi kila moja ina mamlaka yake, na zote mbili zinaitwa TEVETA kwa kifupi, jambo linalowachanganya hata makarani. Nimewashauri wanafunzi waulize mapema, kabla ya mtihani wa mwisho, ni karatasi gani zitatakiwa nyumbani, na watunze kitabu cha kumbukumbu za kazi chenye sahihi, kwa sababu mwajiri wa Kitwe au Mzuzu atauliza kwanza umetengeneza nini.

Mzee wa Kyela alikuja jana kuchukua pikapu. Tulikuwa tumekwangua kutu, tumefunga mkanda mpya, na tulipopima tena hasara ya upande wa kurudi ilikuwa volti 0.15. Injini iliwaka kabla hajamaliza kuzungusha ufunguo. Aliwalipa wanafunzi kwa mkungu wa ndizi na kumwambia kijana "ndaga fijo", yaani asante sana. Kisha akauliza kama betri yake ya zamani bado ipo. Ipo. Tuliipa chaji usiku mzima na imesimama kwenye volti 12.6.

Wiki ijayo linaanza kundi jipya, na nimeamua kulibadilisha somo la kwanza. Nimemwomba mlinzi anisaidie kulipandisha lile gari bovu la mazoezi juu ya magogo makavu, na magurudumu yote manne tutayatoa na kuyaegemeza ukutani. Nitaunganisha betri, kisha kabla ya kugusa swichi ya taa nitawauliza kama zitawaka au hazitawaka, na kila mmoja aandike jibu lake pamoja na sababu, kwa lugha yoyote anayoiweza.