Dhali ya Alladhina

Kwenye kadi yangu daktari aliandika 21, akaizungushia duara. Robo ya pili ya kinywa, jino la kwanza: la mbele kabisa, juu, upande wa kushoto. Mie nalijua kwa jina la chuo cha Qur-ani, ni moja katika thanaya, yale manne ya mbele kabisa, mawili juu na mawili chini. Kila mtoto niliyemsomesha tajwidi, elimu ya kuzitamka herufi za Qur-ani sawasawa, ameihifadhi hesabu hii ya meno: thanaya nne, rubaiyati nne zinazofuatia, anyabu nne, dhawahiki nne, tawahini kumi na mbili, nawajidhi nne, jumla 32. Huwezi kuzijua herufi zinatoka wapi mpaka uyajue meno yako.

Jino lile liliumia zamani. Ilikuwa msimu wa karafuu, kwetu Mtambwe, mie mtoto niko juu ya mti, na tawi likakatika. Anayeujua mkarafuu anajua kuwa tawi lake halikupi habari. Hukatika ghafla, na kila msimu Pemba kuna mtu anayeanguka. Nilifikia mdomo kwenye ngazi. Jino halikutoka. Lilicheza siku kidogo, likakaza, sote tukasahau. Miaka ikenda, likaanza kuwa la kijivu peke yake kati ya wenzake, na mimi sikulijali maana halikuuma.

Lilipoanza kuuma, fizi ilivimba, na kila nikiligusa kwa ulimi linakwenda mbele na kurudi. Mke wangu alikuwa akinipaka mafuta ya karafuu kwa pamba, haya yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kule Wawi, na wallahi yanatuliza. Daktari mwenyewe hakuyabeza. Alinambia ile harufu inayokupokea ukifungua mlango wa chumba cha meno ni yujenoli, mafuta hayo hayo ya karafuu, yanachanganywa na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Niliona fahari kuisikia, hata nikiwa na shavu limevimba.

Lakini mafuta hayafufui jino. Alininyoshea picha mbele ya taa. Jino la kulia lilikuwa na mzizi mrefu, umenyooka. La kushoto lilibaki na kipande tu, kingo zake zimeliwa. Pigo la utotoni, alinifahamisha, liliikata mishipa inayoingia nchani mwa mzizi. Jino likafa limesimama, na mwili ukaanza kuula mzizi wake kidogo kidogo. "Hili, maalim, hapana pa kulishikia. Linatoka."

Watu wa nyumbani walidhani nasikitikia sura. Mke wangu akasema nitavaa la bandia, nani atajua. Bi Mkubwa, mama yangu, alitaka nitie la dhahabu. Nilipomwambia mwanamme havai dhahabu, alinirudishia hadithi niliyomsomea mwenyewe, ya Arfaja, sahaba aliyepoteza pua vitani, akavaa pua ya fedha ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aitengeneze ya dhahabu. Wanazuoni wakalichukulia jino hukumu kutoka hapo. Haki ilikuwa yake. Ila sura siyo iliyoninyima usingizi.

Zipo herufi nne za Kiarabu zinazotaka ncha za thanaya zile mbili za juu. Thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi inapozigusa. Faa ni mdomo wa chini kwa ndani ndio unaozigusa. Katika hizo nne, Suratul-Fatiha ina moja tu, dhali, tena imo mara moja: alladhina an'amta alayhim. Nyengine tatu hazimo kabisa katika sura ile. Herufi moja, mahala pamoja, lakini Fatiha ni nguzo ya sala, na kwa rakaa za faradhi peke yake unaisoma mara 17 kwa siku. Mimi nilikuwa nikisalisha msikiti wa mtaani kwetu. Na kwa madhehebu yetu ya Shafii, asiyeweza kuitoa herufi ya Fatiha hata akijitahidi, sala yake yeye inasihi, lakini hamsalishi anayeiweza. Nilikuwa nimelisomesha jambo hili miaka mingi. Sasa lilikuwa limekaa mdomoni mwangu, linatikisika.

Siku ya kulitoa nilikwenda Chake kwa gari ya 606, nimekaa dirishani, narudia aya ile moja njia nzima. Sindano ya ganzi ya jino la mbele huingia juu ya fizi, chini ya pua, na machozi hutoka yenyewe, hutaki unataka. Kisha mdomo wa juu ukapotea. Magego husukumwa huku na huku mpaka yaachie. Jino la mbele lina mzizi mmoja wa mviringo, kwa hivyo huzungushwa. Koleo lilipolishika nilisikia mkwaruzo ndani ya kichwa, sauti tupu bila maumivu. Akazungusha kidogo kulia, kidogo kushoto. Likaja.

Nilimwomba anipe nilione. Lilikuwa dogo kuliko nilivyotaraji, kijivu upande wa mbele, na pale mzizi ulipopaswa kuendelea palikuwa na ukingo uliotafunwa. Nililiweka kiganjani nikalitazama muda, na daktari, Mungu amjaalie, hakuniharakisha. Akanipa pamba niiume nusu saa. Akanisisitizia: damu itakayoganda kwenye shimo ndiyo dawa, usiibughudhi, usisukutue mpaka kesho, na kuanzia kesho maji ya vuguvugu yenye chumvi. Nilifarijika kuwa kusukutua katika udhu ni sunna, siyo faradhi. Nilitawadha Magharibi nikaiwacha, moyo umetulia.

Ganzi ilipokwisha nilijifungia chumbani nikasoma. Alladhina. Pumzi ilipita pengoni, na dhali ikatoka na mluzi, siyo dhali na siyo zai. Nikasoma tena. Ulimi ulikuwa unakwenda pale pale ulipozoea kwenda tangu utotoni, na pale palikuwa hapana kitu. Sijapata kuona ulimi wangu mwenyewe ukinifanyia ugeni kama ule.

Msikitini nikasimama safu ya nyuma. Chuoni nikamwachia mwanafunzi wangu mkubwa, msichana hodari, awasomeshe watoto makharij, mahala zinapotoka herufi, nami nikabaki na hifdhi, kuwahifadhisha. Watoto hawakuuliza kitu. Wao wenyewe nusu yao wana mapengo.

Hatimaye nilikwenda Wete kwa sheikh aliyenisomesha. Mzee sana, macho yake yamekwisha, lakini masikio yake yako vile vile. Nilimpa mkono, nikamweleza. Hakunipa pole. Alisema, "Soma."

Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Akanyamaza, kisha akasema:

"Ulimi wako unalitafuta jino lililokwenda. Lililobaki umelifanya nini?"

"Lipo, sheikh."

"Basi liegemee. Siku ya vita vya Uhud Mtume wetu alivunjwa jino lake la rubaiya, na Qur-ani ikaendelea kumshukia, na akaendelea kuisoma. Soma."

Nilijaribu. Ncha ya ulimi nikaivuta kulia, kiasi cha unene wa uzi, ikagusa ncha ya jino moja lililosalia, na ukingo wa ulimi nikauweka uzibe pengo kwa ndani. Mluzi ulipungua. Nilipokosea alikohoa, nilipopata hakusema kitu, na tukenda hivyo mpaka adhana ya Alasiri. Nilipoaga alinishika mkono: "Imekaribia. Isome njiani."

Niliisoma njiani, shambani na usiku kitandani, mpaka mke wangu akawa ananisahihisha usingizini. Sheikh alipoisikia tena aliniruhusu kusalisha, bado sina jino la bandia, na nilisalisha hivyo hivyo na pengo langu. Takbira ya kwanza ya Isha ile mikono ilinitetemeka. Nilipofika alladhina sikukimbia, niliipa haki yake.

Jino la bandia lilikuja baadaye, fizi ilipokauka vizuri. Ni kibao chembamba cha plastiki ya rangi ya fizi, kinakaa kwenye kaakaa, na jino moja limepandwa mbele. Navua usiku nakiosha kwa maji ya kawaida, maana maji ya moto hukipinda. Daktari alinionya mapema kuwa mfupa wa pale hupungua miezi ya mwanzo, na kibao kitaanza kulegea, tutakirekebisha. Dhali, thaa na faa zilirudi nyumbani kwao. Lakini kaakaa limefunikwa, na herufi zinazotoka katikati ya ulimi na kaakaa zikaanza kuwa nzito.

Aliyeligundua ni Bi Mkubwa, kaketi barazani na tasbihi yake, nami nasoma ndani.

"Dhali nimeisikia, mwanangu, alhamdulillahi. Hiyo shini sasa. Hebu irejee."

Nikairejea.