Gramu Moja Mkiani

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kupiga vanishi pale Kibuye, Kisumu. Kabati likitoka mikononi mwake, unajitazama usoni bila kutafuta kioo. Kwa hiyo likizo ya Agosti 1993, nilipompelekea ndege yangu ya mbao, nilitarajia mng'ao wa namna hiyo hiyo.

Nilikuwa nimeichonga kwa ule mti mwepesi unaoota majini kandokando ya ziwa, ambao wavuvi wa Baringo huundia mitumbwi yao midogo. Ng'ambo hutumia balsa, na wetu kwa wepesi haupishani nayo sana. Ila una vitundu wazi, unakunywa rangi kama sifongo.

Mjomba aliigeuzageuza. "Hii ni ya kupamba meza au ya kuruka?"

"Ya kuruka, mjomba."

"Basi rangi sahau."

Akaipiga msasa laini kufuata uzi wa mti. Akazimua sila, ule mpako wa kwanza wa mbao, kwa thina, nusu kwa nusu, akakorogea poda ya mtoto, maana poda huziba vitundu na uzito wake ni mdogo. Bawa alilipaka juu na chini kwa mara moja, kisha akalibana ubaoni kwa vijiti. Sila ikikauka hujivuta. Ukipaka upande mmoja tu, bawa linapinda. Lilipokauka, nyuzi zilikuwa zimesimama, ukipapasa zinakwaruza. Akashika msasa tena, na hapo roho ikaniuma: karibu kila alichokipaka alikiondoa! Nyusi zilimjaa vumbi jeupe. Kilichobaki kilikuwa ndani ya vitundu tu, lakini bawa sasa liliteleza kidoleni.

Laka, ule mpako angavu wa mwisho, ilibidi ingoje. Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Nandi, na laka ikipakwa hewa ikiwa na unyevu hupauka, ikaweka ukungu mweupe. Mafundi wa jua kali wamelijua hilo kwa hasara ya makochi ya wateja.

Mapambo yakawa karatasi laini nyekundu ya kufungia zawadi. Aliikata vipande vyembamba kwa wembe, akavilaza juu ya mabawa na kuvipitishia laka iliyozimuliwa hadi ikawa majimaji. Madirisha tuliyachora kwa makapeni, na ubavuni tukaandika 5Y, alama ya usajili ya ndege za kiraia za Kenya, na herufi za jina langu. Mkiani hakuniruhusu hata nukta. "Huko ni mbali na kitovu cha mizani. Gramu moja mkiani itakudai tatu puani."

Binamu yangu yake aliipaka rangi ya mafuta ya mageti, buluu, mikono mitatu. Ilipendeza kuliko yangu, na kwa macho tu ningebadilishana naye.

Asubuhi tulikwenda uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta kabla upepo wa ziwa haujaamka. Ya binamu iliinua pua, ikasita, ikaanguka kwa mkia. Akaibandika udongo puani; ikasawazika, lakini sasa ilishuka kwa kasi ya jiwe. Yangu ilipita juu ya vichwa vya watoto wa mpira, ikapinda taratibu kushoto, ikatua nyasini mbali kabisa na tulipokuwa.

"Omera, hiyo imetiwa nini?" binamu akauliza.

Mchana alikuwa karakanani akiparua buluu yake kwa kipande cha kioo. Thina alipewa, ila mjomba alimwonyesha na ufagio.