Mbalamwezi ya elfu tatu

Daladala niliyopanda Makumbusho ilipasuka tairi Kerege, tukafika Bagamoyo saa nane mchana badala ya saa sita. Nilikuwa namfuata fundi mmoja mchongaji mwenye kibanda upande wa Mji Mkongwe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu vinyago."

Kijana wake alikuwa anapaka kinyago cha mti mweupe rangi nyeusi ya viatu, kigeuke mpingo. Mzee aliona nimeona, akacheka tu.

Nikamfungulia simu: picha za mikisi, sanamu za mizimu ya Watabwa, watu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo na kaskazini mwa Zambia. Akamkuza mmoja kwa vidole viwili, akatazama mikono iliyoshika tumbo na chale za mwilini. "Huyu alichongwa na mtu asiye na haraka," akasema. "Yuko wapi?"

"Ubelgiji, makumbusho ya Tervuren."

"Walimnunua?"

Nikamweleza. Desemba 1884 askari wa Émile Storms, Mbelgiji aliyejenga boma Mpala, kando ya ziwa hilo, walimuua Lusinga, mtemi wa Watabwa, wakamkata kichwa. Sanamu hii, iliyokuwa ya mtemi, ikaenda Ulaya, na fuvu lake pia. Nilisita kidogo kabla ya kuongeza kwamba misafara ya chama kilichomtuma Storms iliajiri wapagazi na askari wa pwani hii hii. Mzee alipangusa vumbi kwenye tezo, kimya, halafu akasogeza picha inayofuata.

Ilikuwa kigoda, kimejaa pembetatu zilizopangwa safu kwa safu.

"Hizi wanaziitaje?"

"Balamwezi. Mwezi mpya unapochomoza."

"Mbalamwezi!" Akamgeukia kijana. "Umesikia? Kumbe wanasema kama sisi."

Akaokota kipande cha mti wa mkongo, akachukua patasi nyembamba. Kila pembetatu mapigo matatu: mawili ya kusimama, la tatu la kulaza, kibanzi kinaruka. Safu ya kwanza ikatoka safi. Ya pili ikaanza kupinda, na kwenye pembe ya nne mti ukachanika. Akasonya, akaitazama simu tena, akageuza kipande na kuanza upya upande wa pili.

Jua lilipoelekea kuzama nikamwomba kile kipande.

"Elfu tano."

"Mzee, si kimechanika?"

"Upande mmoja tu."

Tukapatana elfu tatu.