Kumbukumbu ya mradi wangu: injini na propela kwa hewa ya Dodoma

Mabawa ya ndege ndogo ninayoijenga mwenyewe yameshavikwa kitambaa na yamening'inia ukutani, fremu imesimama kwenye magurudumu yake, na kila anayepita gereji hapa Kizota anauliza swali lile lile: injini iko wapi? Haipo bado. Nimeichelewesha makusudi. Michoro niliyonunua inasema nguvu farasi 80 zinatosha, lakini aliyeichora hakuwa na Dodoma kichwani.

Uwanja wetu wa ndege uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Hilo peke yake lisingenisumbua. Kinachonisumbua ni Novemba saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 31. Saa hiyo hewa ya hapa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,000 kwa joto sanifu la vitabuni, na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Farasi 80 zinabaki 64. Bawa nalo linataka mwendo mkubwa zaidi ndipo liinue ndege, kwa hiyo unakula njia ndefu ya kurukia huku nguvu zimepungua.

Vijana wa gereji ya jirani wana jibu lao: "Kaka, weka Subaru, vipuri vimejaa mjini." Vipuri vimejaa kweli, ila injini ya gari inatoa nguvu zake ikizunguka haraka kuliko propela inavyotaka, kwa hiyo ni lazima uiwekee gia ya kupunguza mizunguko. Ukijumlisha gia hiyo, rejeta na uzito wa injini yenyewe, ndege ya kilo 450 ikiwa imejaa inalemewa pua. Hapana.

Nilikaa muda mrefu zaidi nikiifikiria injini ya ndege ya Jabiru 2200 ya Australia. Farasi 85, silinda nne, inapozwa na upepo, haina gia. Naipenda kwa urahisi wake. Lakini nguvu hizo inazitoa kwenye mizunguko 3,300 kwa dakika, na propela inazunguka vivyo hivyo. Ukiifunga propela ya mita 1.7, ncha zake zinakimbia karibu mita 294 kwa sekunde, wakati sauti yenyewe kwenye joto letu inakwenda kama mita 350. Huko ni kelele nyingi na msukumo kiduchu. Inabidi uchukue propela fupi, nayo inaifaa ndege ya mbio. Yangu ni ya polepole, bawa juu, watu wawili, na kinachoihusu zaidi ni kupanda.

Kwa hiyo ni injini ya Rotax 912 ya Austria, na ni ile ya farasi 100, inayoitwa ULS. Hewa ya hapa itaifanya iwe ya 80, yaani kile kile mchoraji alichotaka. Uzito wake haupishani sana na ule wa ndugu yake wa 80. Gia yake ya 2.43 inashusha mizunguko 5,800 ya injini hadi kama 2,390 kwenye propela, na ncha za ile mita 1.7 zinakwenda mita 213 tu kwa sekunde. Gharama yake, ukiacha bei inayoumiza, ni mafuta: ULS inataka petroli ya okteni 95, wakati ile ya 80 inaridhika na 90. Nitalazimika kuchagua kituo cha kununulia, si kujaza popote.

Propela ya mbao nilikuwa nimeshaipenda, mpaka mzee mmoja, fundi mstaafu wa ndege, aliponiletea ya kwake ya zamani. Baada ya shikamoo aliilaza mezani, akanipa spana. Bolti ya kitovuni ilizunguka kwa vidole viwili. "Mwanangu, mti unanywea kiangazi. Ukikaza masika, Agosti unakuta imelegea." Akapitisha kucha kwenye ukingo wa mbele: changarawe ilikuwa imeutafuna mpaka nyuzi za mti zikaonekana. Kwa vumbi letu nikaona ya kaboni, panga tatu, zenye pembe inayorekebishwa ndege ikiwa chini.

Pembe hiyo nitaipanga kwa ajili ya kupanda, si kwa mwendo. Rotax hawataki injini ifunguliwe mafuta yote ikiwa chini ya mizunguko 5,200, na juu ya 5,500 wanaruhusu dakika tano tu, hivyo nafasi ya kuchezea ni ndogo. Mshale wa mizunguko nao si wa kuaminiwa peke yake. Hewa nyepesi inaipunguzia injini nguvu na inaipunguzia propela mzigo kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo utasoma karibu namba ile ile ya Dar es Salaam huku msukumo umeshuka. Ndiyo maana nitafunga mkia kwenye nguzo kwa mizani ya kuning'iniza, niusome msukumo wenyewe kwa kilo, asubuhi na tena saa nane.

Kwa sasa nachomelea kishikio cha injini, na rejeta ya oili naihamishia chini ya pua, upepo uipige moja kwa moja.